Vifungo Puani mwa Ndege

Jumapili, 3 Machi

Ndege yangu haipo!

Nimetoka kumwogesha Bonge, naingia sebuleni, juu ya kabati patupu. Nikadhani imeanguka. Nikapiga magoti na mtoto mgongoni, nikachungulia chini ya kochi, nyuma ya pazia – hamna. Mama mkwe alikuwa anakunja nguo. Nikamuuliza. Hata uso hakuinua. Aah, kile kidude? Nimempa Kimbunga. Wifi yako alipotaka kuondoka na mwanawe, mtoto alikililia mpaka akapaliwa, ningefanyaje?

Kidude!

Nilianza kuiunda Bonge yuko tumboni, nimeimaliza ana meno mawili. Ndege ndogo ya plastiki ya kuunganisha, mfano wa ndege ya mabomu ya vita vya zamani, injini mbili, gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Kila kipande nimekikata kwenye fremu yake, nikakipiga msasa, nikakipaka rangi kwa brashi nyembamba kama kope. Yote hayo mchana, Bonge akilala. Wenzangu mtoto akilala nao wanalala. Mimi nabandika stika kwa kibano cha nyusi, nimebana pumzi.

Nikamjibu, sawa mama. Sawa ya nini? Si sawa hata kidogo!

Jumatatu, 4 Machi

Nimempigia wifi. Kacheka mpaka kakohoa. "Wifi nawe! Mtu mzima unalilia ndege ya mtoto?" Nikamwambia si ya mtoto. Akasema basi tulia, Kimbunga mwenyewe hanayo, baba yake kamnyang'anya kaiweka juu, karibu na televisheni. Haijavunjika. Waya wa antena tu ndio umekatika.

Nimeshusha pumzi. Huyo shemeji ana akili, nimemshukuru kimoyomoyo. Nitaifuata Jumatano.

Bonge ana mafua. Nguo zimelowa tena, mvua.

Jumatano, 6 Machi

Ile shukrani ya Jumatatu naifuta.

Nimefika kwa wifi jasho linanitoka, Bonge mgongoni kalala na kamasi zake. Sebuleni wamekaa wafanyakazi wenzake shemeji watatu, na ndege yangu iko katikati ya meza, juu ya kitambaa. Shemeji kainama juu yake, kidole hewani, anafundisha. Kazi hii inataka subira, anasema. Mkono ukitetemeka tu, umekwisha. Mimi nikishaanza sitaki mtu aniongeleshe.

Nikasimama palepale mlangoni. Nikangoja anione, aone aibu. Kaniona! Hakupepesa hata jicho. "Karibu shemeji, ingia. Huyu ni wifi yake mke wangu."

Nikasema, shemeji, nimefuata ndege yangu.

Wakacheka. Siyo kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mmoja mwenye kitambi akaniambia, "Mama, hii ni ya kivita hii!" Kama vile nimedai suruali ya mtu. Na shemeji, kwa sauti ya upole kabisa, kana kwamba ananipa pipi: "Ni kweli, alinisaidia. Kuosha brashi."

Kuosha brashi!

Bonge akaamka akalia. Wifi akatoka jikoni akanivuta mkono – njoo, njoo, usimwaibishe mbele za watu. Yeye asiaibishwe. Na mimi je?

Kabla sijaondoka niliiona kwa karibu. Antena kaigundisha upya, gundi imechuruzika mpaka kwenye bawa, na dole gumba lake limejichapa hapo, mistari yote. Kumbe na mhuri kaweka.

Ijumaa, 8 Machi

Mume wangu anasema yaishe. "Si plastiki tu? Nitakutafutia nyingine." Nikamwambia Bonge naye ni nyama tu, mbona hatumgawi?

Najua kwa nini ananyamaza. Shemeji ndiye aliyemwombea kazi ya udereva pale kazini kwao. Basi tangu hapo shemeji akisema maziwa ni meusi, sisi tunakorogea chai tu.

Lakini yeye mume wangu aliniona! Aliniona nikipaka mbawa zile, alikuwa ananiondolea Bonge mezani asile rangi. Nikamuuliza, utasema uliniona? Akajikuna shingo. Akasema ngoja kwanza.

Nimelala nimempa mgongo. Bonge katikati, kama mpaka.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimemwambia mama mkwe jambo ambalo sijamwambia mtu.

Alinikuta naanua nguo kwa hasira, navuta hata vibanio vinaruka. Akasema, mwanangu, hivi ni kidude kweli hiki kinachokutoa roho? Nikaona potelea mbali. Nikamweleza. Ndege ya namna ile pua ni nyepesi mno. Usipoitia uzito puani kabla ya kuifunga, gurudumu la mbele linainuka, inakaa kitako kama Bonge. Watu hutia risasi za kuvulia samaki, gololi, chochote kizito. Mimi nilitia vifungo vya koti la baba yangu. Vile vya shaba, vya koti lake la ulinzi. Baba alilinda geti la watu maisha yake yote akitazama ndege zikipita, na hakupanda hata moja. Nikamgandisha humo puani kwa gundi, nikafunga, nikapaka rangi. Nani angejua.

Mama mkwe kakaa juu ya ndoo. Halafu kasema, "Na mimi nikampa mtoto aburuze."

Kachukua simu, kampigia mkwewe mbele yangu. Hakuzunguka. Baba, ile ndege, puani kuna nini? Nikasikia sauti ya shemeji inacheka kwenye spika. Puani, mama? Hewa!

Hewa! Basi isimame kwa hewa tuone!

Mama mkwe kamwambia kesho njooni wote, na ndege mje nayo. Kisha kanigeukia, macho makavu: mimi sijui mambo ya pua nyepesi. Ninachojua, kitu kikibishaniwa kinafunguliwa.

Kufunguliwa maana yake kupasuliwa. Yaani ili ijulikane ni yangu, sharti iache kuwa ndege.

Jumapili, 10 Machi

Wapo sebuleni. Mimi niko chumbani nanyonyesha, naandika kwa mkono mmoja, daftari juu ya mto. Nimesema Bonge ana njaa. Hana njaa sana.

Nimeiona ilivyoingia. Shemeji kaibeba kwapani, kama mkate. Propela moja imepinda.

Nawasikia wote, mlango huu ni kama karatasi. Wifi anasema jamani tunywe chai kwanza. Shemeji anasema hapana, mama kataka ukweli, aupate. "Leteni kisu cha mkate, nipasue mara moja yaishe."

Kisu cha mkate! Na hata sauti haijamtetemeka.

Mimi toka jana nimeshajaribu kuipasua kimawazo. Kwa wembe wangu mwembamba, taratibu, kwenye ule mshono wa chini. Kila nikifika kwenye pua mkono unagoma. Nikitoka hapa nitawaambia aichukue. Au nitawaambia – sijui. Vifungo vya baba vikae kwa mtu anayeviita hewa?

Droo ya jikoni imefunguliwa.

Mama mkwe: "Unapasua, baba?"

"Napasua, mama."

"Hivi hivi tu?"

"Si plastiki?"

Kisu kimewekwa mezani, nimekisikia. Nani kakiweka sikujua. Sasa mama mkwe anasema na mume wangu, polepole, kila neno peke yake: "Kamwite mwenyewe."

Amwite yeye mwenyewe, asitume mtu? Au amwite mwenyewe, mwenye mali?

Kiti kimeburuzwa. Nyayo zake hizo, nazijua. Kafika mlangoni. Kasimama. Bonge kaacha kunyonya, anasikiliza.

Sasa nasubiri nisikie ataniita nani: mama Bonge, au mwenye ndege.