Gauni Jeupe Ambalo Hukulivaa

Chebet, rafiki yangu,

Hii ni wiki ya tatu tangu tukuzike kwenu Rongai, na kuna mambo yalitokea mochari ambayo lazima uyasikie kutoka kwangu mwenyewe.

Anti yako alikuja na gauni jeupe. La harusi, mabega wazi, kifua nusu nje. Alisema hukupata harusi, basi uende kama bibi harusi. Alilia akisema hivyo, na simlaumu, anakupenda sana. Lakini nililiangalia lile gauni nikajua hilo si lako.

Maana nani hakujui? Miaka minne tumehudumia meza pamoja hapa hotelini Salgaa, mimi na sketi yangu fupi, wewe na blauzi imefungwa mpaka kooni hata jua likiwaka vipi. Madereva wa trela walikuita Sista. Bosi alikuambia ukifungua kifungo kimoja tu biashara itachangamka. Ukamjibu, "Biashara ni chapati, boss," ukarudi kukanda unga. Na mimi ndiye niliyekucheka kuliko wote. Siku moja nikakuuliza kama ni kanisa linakukataza. Ukasema, "Hakuna anayenikataza. Mwili ni wangu, nachagua nani auone." Nilijifanya sijasikia.

Basi nikamwambia anti hapana. Mbele ya dada zako, mbele ya yule mhudumu wa mochari na glavu zake. Anti akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Wewe, na hiyo sketi, ndiye wa kunifundisha heshima?"

Aki ya Mungu, iliniuma. Lakini mdomo wangu unaujua. Nikamwambia, "Anti, hii nimejichagulia mwenyewe. Chebet naye alijichagulia yake. Sasa kwa vile hawezi kujisemea, tusimvue."

Nikadhani atanifukuza. Lakini akalikunja gauni, akalirudisha kwa mfuko, akamtuma dada yako mdogo nyumbani alete blauzi ya samawati na sketi yako ndefu ya kanisani. Tulikuvalisha mimi na yeye. Mikono yake ilishindwa na vifungo, kwa hivyo nilivifunga mimi, vyote. Watu walipopita kukuaga, walimwona Chebet wanayemjua.

Pale kazini ameletwa msichana mpya, Mwislamu wa Nakuru mjini, anajifunika kichwa. Juzi dereva mmoja alianza kumtania, nikamwambia amalize chai yake aende safari. Usidhani nimeokoka, sketi yangu ni ile ile. Lakini siku hizi nikipigiwa mluzi sicheki tena ili mtu afurahi. Hilo nimelitoa kwako, na ninajuta sikukuambia ukiwa hai. Nilikucheka na kumbe nilikuwa nakuheshimu.

Pumzika, Chebet. Nakuahidi nikiwa hapa hakuna atakayemlazimisha msichana yeyote avae nguo asiyoitaka, iwe ndefu, iwe fupi. Na nimeshamwambia dada yangu, siku yangu ikifika nivalishwe ile sketi nyekundu, ya juu ya magoti, na asithubutu kuiongeza hata inchi moja. Ukiniona nakuja nayo, tingisha kichwa kama kawaida yako, halafu unisongezee nafasi.

Wako,
Wambui