Amri Iliyohesabu Mapengo Kuwa Sifuri

Jumanne, Julai 2006. Baridi, mawingu, hakuna jua tangu Jumamosi.

Hii baridi ya Julai haina adabu kabisa. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinaganda kwenye kibodi. Nimebaki peke yangu ofisini hapa Spring Valley. Wenzangu wametoka saa kumi na moja kamili, wakicheka pamoja hadi getini, na mlinzi ananichungulia dirishani kila mara kuona kama bado nipo. Nipo, bwana. Niende wapi?

Wiki hii simu yangu imelia mara mbili tu. Mara ya kwanza alikuwa bosi. Mara ya pili ni mtu aliyekuwa akimtafuta fundi wa mabomba. Nikamwambia amekosea namba, lakini badala ya kukata nikamuuliza bomba limepasuka wapi. Tukaongea kama dakika tano hivi. Nilipokata nikajionea aibu.

Leo nimefanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwaka jana. Naliandika hapa kabla sijaanza kujitetea.

Kazi yangu ni takwimu. Watu wanaenda vijijini na fomu za maswali, fomu zinarudi, karani anaziingiza kwenye kompyuta, mimi nazichambua. Programu ninayotumia ni ya bure, inatengenezwa kwa kujitolea na watu wa nchi mbalimbali ambao sitawahi kuwaona. Nimejiunga na orodha yao ya barua pepe, na haki ya Mungu nawajua hao kuliko majirani zangu pale Kileleshwa. Yupo mzee mmoja huko Ulaya ambaye kila siku lazima amkaripie mwanafunzi fulani. Akinyamaza siku tatu naanza kujiuliza kama anaumwa. Lakini huyu jirani wa mlango unaotazamana na wangu, jina lake silijui. Tunaambiana "sasa" na "poa" kwenye ngazi, basi.

Jana wale watu walitoa toleo jipya la amri tunazoipa programu hiyo. Intaneti yetu ni ile ya kuomba Mungu, kwa hivyo lilianza kushuka asubuhi na likamaliza baada ya chai ya pili. Leo nikaliweka kwenye mashine. Kisha, kama ilivyo kawaida yangu, nikaendesha upya uchambuzi wa mwaka jana kuona kama majibu yatatoka yaleyale.

Hayakutoka yaleyale.

Jedwali langu la idadi ya watoto katika kila nyumba lilijaa mapengo. Nikadhani nimeharibu faili. Nikafungua orodha ya mabadiliko, ile ambayo huwa hakuna anayeisoma, na katikati nikakuta mstari mmoja kuhusu amri ya kujumlisha. Zamani ilipokutana na pengo, mahali ambapo hakuna jibu, ilihesabu pengo kuwa sifuri na kuendelea kimyakimya. Sasa ikikuta pengo inakurudishia pengo, mpaka wewe mwenyewe useme unataka lifanyweje.

Nilisoma mstari ule mara tatu. Nikamkumbuka Mama Kui.

Mama Kui alikuwa mmoja wa wale wanaopeleka fomu vijijini, mama wa makamo, mwenyeji wa Kinoo, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kwa miaka minne tulikula chakula cha mchana pamoja kwenye kibanda kilicho nyuma ya ofisi. Aliniita mulamwa, shemeji kwa lugha ya kwetu magharibi, na kunitania kwamba mtu wa kwetu akisikia kuku akilia anaanza kunawa mikono. Alijua mama yangu anaumwa mguu gani. Mimi nilijua mtoto wake Kui amepata nini katika kila mtihani. Sikuwa na rafiki mwingine mji huu, na sikuwa najua hivyo.

Mwaka jana nilipochambua fomu za watoto na kliniki kutoka vijiji vya upande wa Kiambu, za Mama Kui zilinishangaza. Nyumba baada ya nyumba, sifuri. Hakuna watoto. Lakini ukurasa wa pili wa fomu hiyohiyo ulisema kuna kadi tano za kliniki. Nani ana kadi tano za kliniki na hana mtoto hata mmoja? Nikafikia uamuzi ambao mtu yeyote wa takwimu angeufikia: huyu mama anakaa mahali, anajaza fomu bila kufika kwa watu. Nikaandika hivyo kwenye ripoti. Sentensi moja tu.

Mkataba wake haukuongezwa.

Alikuja mezani kwangu siku ya mwisho, mfuko begani. Akaniuliza, "Mulamwa, umeangalia vizuri?" Nikamjibu bila hata kugeuza kiti, "Takwimu haziongopi, Mama Kui." Baadaye alinipigia simu mara tatu. Sikupokea. Nilijiambia ni kwa sababu ya kanuni za kazi. Uongo mtupu. Niliogopa.

Basi leo nikaingia stoo, nikashusha masanduku ya mwaka jana, nikakaa sakafuni na fomu zake. Kisanduku cha idadi ya watoto kilikuwa kitupu. Hakuwahi kuandika sifuri. Nikachukua nyingine. Tupu. Nyingine. Tupu. Sijui ni kitu gani kilinifanya nigeuze karatasi. Nyuma, kwa penseli, mwandiko wake wa mviringo:

"Mama amekataa kuhesabu. Amenitajia: Njeri, Kariuki, Wairimu, Wairimu mdogo, na Mwangi aliye Nakuru."

Na nyingine: "Anasema watoto si mbuzi. Amewaita wote waje wanisalimie." Chini yake majina sita.

Ghafla nikamsikia kukhu, nyanya yangu, kana kwamba yuko nami pale stoo. Ulikuwa ukimuuliza ana wajukuu wangapi, anakuuliza, "Unataka kuwauza?" Kwetu watoto hawahesabiwi. Kuwahesabu ni kuwaitia balaa. Kwa kina Mama Kui ni hivyohivyo, na mimi nililijua hilo tangu nikiwa navaa kaptura. Nililijua! Lakini nilipokuwa mbele ya kompyuta nikawa mtu asiye na nyanya.

Kuna baya zaidi. Sheria ya kuacha kisanduku kitupu niliifundisha mimi. Kwenye semina ya kuwaandaa wapeleka fomu, nikiwa na chaki mkononi, nilisema kisanduku ni cha jibu la mwenye nyumba. Asipojibu, kiache, usikisie. Nikazichukua fomu za wenzake, wale tuliowasifu. Visanduku vyote vimejaa, namba safi kabisa, na nyuma hakuna neno. Bibi wa miaka themanini huko Kiambu amewahesabia watoto wake mgeni mwenye kalamu? Hebu tuache mchezo. Walikisia, na nikawapa alama nzuri. Aliyefuata maneno yangu ndiye niliyemfukuza.

Dina, anayetupikia chai, alipita akanikuta pale chini na makaratasi mapajani.

"Hizo si za Mama Kui?" akauliza. "Huyo mama alionewa. Lakini mimi ni wa chai tu, Wekesa, nani ataniuliza?"

Kweli, hakuna aliyemuuliza.

Nikaenda kwa Daktari, mkuu wetu. Udaktari wake ni wa vitabu, sindano hajui. Nikamweleza yote, nikamwonyesha karatasi. Akazisoma mbili, akavua miwani.

"Wekesa, hiyo ripoti ilishaenda kwa wafadhili. Walishaisoma. Sasa tuwaambie nini, ati kompyuta ilikuwa inatudanganya? Weka maelezo mafupi huko mwisho, kwenye kiambatisho."

"Na Mama Kui?"

"Huyo si alipata kitu ingine? Maisha iliendelea." Kisha akaongeza kwa upole, "Usijiumize, bro. Programu ndiyo ilikuwa na shida. Wameirekebisha, yameisha."

Nakiri nilitamani sana kulichukua neno hilo, kwa maana lingenitosha kabisa. Nilitoka pale nikiwa mwepesi kidogo. Lakini mezani nikafungua kitabu cha maelekezo cha toleo la zamani, nikatafuta ile amri. Imeandikwa wazi kwamba mapengo yatahesabiwa kuwa sifuri. Ilikuwa pale miaka yote. Wale watu hawakunificha kitu. Sikusoma tu, kama vile sikugeuza karatasi.

Wenzangu walipoondoka nikachukua simu. Namba yake sikuwahi kuifuta. Ikaita mpaka nikadhani itakatika.

"Hallo, ni nani?"

Kumbe yeye yangu alishaifuta.

"Ni Wekesa."

"Wekesa gani?"

"Wa ofisini. Wa takwimu."

Nyuma yake nilisikia sufuria, na maji yakimiminwa. Nikaanza kueleza. Toleo jipya, amri ya kujumlisha, mapengo, sifuri. Jamani, nilijisikia nikiongea kama niko semina, na sikuweza kusimama. Mwishowe maneno ya kazi yakaniishia, nikabaki na yale mengine. Nikasema, "Mama Kui, nilikukosea. Niliandika uongo juu yako. Ulifanya kazi yako kuliko sisi sote, na nilikuona ukienda zako nikanyamaza."

Nikangoja anitukane. Nilitaka anitukane, maana sauti ile ninavyoijua, tusi lake lingekuwa kama salamu.

Hakutukana. Akasema polepole, "Kwa hivyo kompyuta ndiyo imekuambia mimi si mwongo."

"Ndiyo."

"Sawa." Akavuta pumzi. "Na kama haingekuambia?"

Alinipa muda wa kujibu, hilo lazima niliseme, alinipa muda mrefu kweli, nikamsikia akipumua upande ule. Halafu akakata.

Sasa ni saa kumi na mbili na nusu. Nimeandika barua ya kusahihisha ripoti, ukurasa mmoja, jina lake kamili juu na langu chini kama mwenye kosa. Hakuna neno "programu" ndani yake hata mara moja. Kesho asubuhi Daktari ataikuta mezani kabla ya chai, na nakala nyingine itaenda kwa wafadhili, apende asipende. Ya tatu nitaipeleka Kinoo mwenyewe. Najua anaweza kukataa kunifungulia, na atakuwa na haki.

Nimefurahi kuiandika, kusema kweli. Imenipa kitu cha kushika. Lakini hiyo barua inajibu maswali ya Daktari na ya wafadhili tu. Mama Kui aliniuliza moja, fupi, na jibu lake nalijua tangu aliposema. Kama kompyuta haingeniambia, ningekuwa bado nala chakula cha mchana peke yangu, nikiamini kwamba yeye ndiye aliyenisaliti kwa fomu za uongo.

Hilo ndilo nitalazimika kumwambia mlangoni, kama atafungua.