Salamu kwa Mwenye Figo za Ukutani

Kaka yangu,

Naomba karatasi hizi zikukute u mzima, kwa kadiri mgonjwa anavyoweza kuwa mzima. Hujambo? Miguu imepungua kuvimba? Wifi anaendeleaje na ule mgongo wake? Na watoto je? Waambie shangazi yao anawasalimu sana. Najua utaisoma barua hii ukiwa kwenye kile kiti cha kusafishiwa damu, mkono mmoja umefungwa kwenye mrija, kwa hiyo nimeandika upande mmoja tu wa kila karatasi ili usihangaike kugeuza. Mimi sijambo. Sijambo kabisa, kaka, wala siumwi hata ukucha.

Wifi ameniambia kwamba Jumatano uliondoka kazini kwetu na masikitiko, kwa kuwa nilikuvua lile bamba la kupimia la tumboni, nikakuonyesha viatu vyako, halafu muda si muda nikatoka chumbani bila hata kukuaga. Umemwambia eti nilikimbia nisije nikalia mbele yako. Lo! Tangu lini ukayajua machozi yangu? Ngoja nikueleze polepole.

Ile mashine uliyoingizwa, iliyokugongea masikioni kama fundi bati, ni sumaku tu. Profesa wetu anaitumia kuchungulia figo bila sindano wala kisu: damu inaingia kiasi gani, figo inakula nini, oksijeni inaitumia vipi. Kompyuta inapaka rangi. Panapopumua vizuri panakuwa kijani, panapokosa hewa panakuwa pekundu. Aliyekuandikisha kwenye utafiti ni daktari wa wodi yako, si mimi. Nilipoona jina lako kwenye orodha ningeweza kumwomba mwenzangu akuhudumie, na angekubali. Sikumwomba. Nilitaka nikupime mwenyewe. Nikakuvua mkanda, saa na pete ya ndoa, nikakufunika shuka, nikakaa nyuma ya kioo nikikuamuru: vuta pumzi, toa, zuia. Ulitii kila neno. Sikufichi, nilifurahi.

Zako zilitoka nyekundu tupu, ndogo, zimesinyaa kama maharage yaliyosahaulika juani. Profesa alizitazama mara moja tu, akasema hizo hazirudi.

Wewe ulipokuwa unavaa viatu ukaziona zile picha mbili kubwa ukutani, za figo za mtu mmoja, kabla ya kunywa maji na nusu saa baada ya kunywa. Ukauliza ni za nani. Nikakujibu kwamba kwetu watu ni namba, na hizo ni za Namba Moja, mtu mwenye afya tunayempima kila Jumatatu asubuhi kabla ya wagonjwa, ili tujue kama mashine inasema kweli. Ukauliza anakunywa maji kiasi gani. Nikasema lita nzima. Nikakuona unameza mate, wewe wa vikombe viwili kwa siku. Ukasogea, ukaigusa picha kwa kidole, ukasema Mungu amzidishie, figo nzuri namna hiyo, laiti angekuwa ndugu yako. Kisha ukaniagiza nikimwona nimpe salamu zako, nimwambie azitunze, maana hajui alichopewa. Hapo ndipo nilipotoka.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka jana damu yangu ilipoonekana kukubaliana na yako, ukoo mzima ulishangilia kana kwamba umeshapona. Nikaitwa peke yangu na yule daktari wa wanaojitolea figo, akafunga mlango, tukazungumza. Alipotoka akawakuta mmejipanga koridoni, akawaambia neno moja tu: hafai. Ndiyo kanuni ya ofisi ile. Sababu ya mtu haitoki nje ya mlango; iwe ni ugonjwa au ni jambo jingine, ndugu wataambiwa neno lilelile. Ninyi mkajijazia wenyewe kwamba na mimi figo zangu ni mbovu. Wifi akalia. Wewe ukanishika mkono, ukaniita mdogo wangu, ukaniambia tutaumwa pamoja. Ukakataza chumvi isiletwe mezani nikiwepo. Mwaka mzima, kaka, nimekula kwako chakula kisicho na ladha, nikirudi nyumbani kwangu najimwagia chumvi mpaka mume wangu ananishangaa.

Na kabla ya hapo uliniita nani? Mzigo. Mama alipofariki nikaletwa kwako, nina miaka tisa. Mgeni akiuliza binti huyu ni nani, ulimjibu ni mzigo tulioachiwa. Watu wakacheka, jina likaganda. Mpaka siku ya harusi yangu niliitwa hivyo. Hilo nilishasamehe, jina halimuui mtu. Lakini unakumbuka nilipokuwa na miaka kumi na miwili, tumbo likavimba, siku ya tatu nimelala kwenye mkeka siwezi kuinuka? Wifi alikusihi unipeleke hospitali. Ukamwambia akipona sawa, asipopona tutapumua. Nilikuwa nyuma ya pazia, na pazia si ukuta. Aliyenibeba mgongoni hadi hospitali ni yule mshonaji wa jirani, mtu ambaye hata undugu hatuna. Wewe bila shaka umesahau. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Basi sikia. Mle chumbani daktari aliniambia figo zangu ni safi, safi mno. Akaniuliza kama natoa kwa hiari yangu. Nikamwambia sitoi. Akauliza sababu. Nikamwambia akipona sawa, asipopona nitapumua. Akaandika hafai. Na zile za ukutani ulizozigusa kwa kidole, kaka, ni zangu. Namba Moja ni mimi.

Utasema ningekuacha tu ufe ukiniombea. Nilikusudia hivyo. Lakini pole zako zimenichosha. Umenipenda mwaka mmoja tu maishani mwako, na mwaka huo ulimpenda mgonjwa asiyekuwepo. Mimi nilipoumwa kweli unajua ulisema nini. Kila ukiniita mdogo wangu nasikia kichefuchefu, na baya zaidi ni kwamba nasikia utamu pia. Nimeona bora tuachane na vyote viwili.

Usimtume wifi aje kunibembeleza. Nampenda, na hata yeye nitamjibu kama nilivyomjibu daktari.

Nisikuchoshe, mkono wako mmoja nao una kazi. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia hali, waambie nimepona. Usizidishe vile vikombe viwili, wala usiguse chumvi. Jumatatu saa mbili asubuhi nitalala tena kwenye mashine, nikiwa nimekunywa lita yangu. Na salamu zako kwa mwenye zile figo zimefika. Anashukuru, na anasema anazitunza.

Ni mimi, nduguyo wa damu,

Mzigo