Mkanda Ulionipeleka Uani

Mama Salma, mke wangu,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba mumeo amefukuzwa jikoni kwa watu hapa Shumba.

Nilijifunga ule mkanda wetu wa kuonyesha njia, unaotetemeka kiunoni upande unaotakiwa kukata kona, nikafumba macho kuujaribu. Ni wa Bi Raya, asiyeona, anayetaka kwenda kwa dada yake bila kushikwa mkono. Ukanifikisha penye mvuke wa pweza.

"We mwanamme!" dada mtu akapiga kelele. "Hodi huijui?"

Ukweli ni kwamba mkanda haukukosea. Njia tuliirekodi Bi Raya akiongozwa, naye, kama wanawake wote wa hapa, huingilia uani, liliko jiko. Leo kauvaa, akaenda peke yake, akapiga hodi mwenyewe. Mimi pweza nimeletewa barazani, panaponihusu.

Mungu akuhifadhi, na ucheke taratibu.

Baba Salma