Doti ya Memori

Kuze, Mombasa
Jumatatu, tarehe 6

Kwa ndugu yangu Nabeel,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Salamu hizi zikufikie huko Nairobi uwe umeshakula, maana nakujua, ukishika kazi husahau tumbo. Mimi Mungu ananiweka. Goti la kushoto lanisumbua kwenye ngazi, lakini ulimi u mzima, kama utakavyoona. Duka la Biashara Street lipo, leso zauzwa, na majirani wakuulizia. Huwajibu kuwa hujambo, ingawa sina haki ya kuwajibu hivyo, kwani huu ni mwaka wa pili hushiki simu yangu. Ndiyo sababu nimeandika kwa mkono na kukitia kifurushi hiki kwenye basi la Mwembe Tayari. Namba ya mtumaji si yangu, ni ya mtu aitwaye Mbodze. Ningeandika yangu usingekwenda kukichukua. Usinune, soma.

Ninalolitaka nalisema mapema: nataka uje nyumbani kabla mwezi huu haujaisha, hata kwa siku moja. Kwa nini mwezi huu, utaona mbele. Usiruke kurasa.

Nabeel, nimejenga kompyuta. Cheka umalize. Mimi Mahjabeen, dada yako wa miaka arobaini na tisa, niliyekuwa nikikupigia kelele uzime lile dude, nimejenga kompyuta ya michezo kwa mikono yangu, kipande kwa kipande, na inawaka. Iko juu ya meza yako, pale pale dirishani.

Aliyenifunza ni huyo Mbodze. Ni fundi wa kompyuta, Mgiriama wa Kaloleni, mama wa watoto wawili, ana chumba chake cha kazi ghorofani karibu na Mwembe Tayari. Siku ya kwanza nilimwendea na elfu arobaini nikamwambia anipe kompyuta nzuri ya michezo. Akaniuliza mchezo gani. Nikamwambia yeye anipe tu, mchezo ni shauri langu. Lo! Akaniuliza kama mteja akija dukani kwangu akasema nipe leso, mimi humpa tu bila kuuliza ni ya harusi au ya jikoni. Nikamwambia ni ule mchezo wa malori, ule wa kuendesha safari ndefu, watu wengi barabara moja.

Akafurahi, akasema mchezo huo hauli pesa kama mingine. Akanipangia: kwanza kadi ya picha, ndiyo yenye kazi kubwa, nayo tutanunua ya mtumba. Prosesa na ubao mama, ule ubao ambao vyote hukaa juu yake, vitoke kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi. Kasha lolote, bora lipitishe hewa. Alinionya kuhusu vitu viwili tu. Nisidanganyike na taa za rangi, kwani taa haziongezi mwendo. Na pawa saplai, lile sanduku linalogawa umeme, nisilifanyie ubahili hata nikilala njaa.

Kwenye memori hakuhitaji kunifunza. Aliponiambia vinunuliwe vipande viwili, sawasawa kwa kila kitu, vikae pamoja, nilicheka nikamwambia hiyo ni doti. Nimeuza leso miaka ishirini na sita, sijapata kumuuzia mtu kipande kimoja. Siku ile nilihisi naweza.

Na hapo ndipo kiburi kiliponiingia. Vipande vyote nilivizungukia mwenyewe, duka kwa duka, nikibishana mpaka wauzaji wakiniona wanajificha. Zilipobaki elfu tatu, pawa saplai aliyoniagiza Mbodze ikawa elfu sita. Nikaenda kwa mchuuzi mmoja wa barabarani, akanionyesha moja ya elfu mbili. Nikafanya kama nifanyavyo kwa kitambaa: nikaipima kiganjani. Nzito! Leso nzuri huijua kwa uzito wake, nikasema na hii ndivyo. Nikamshusha mpaka elfu moja na mia nane, nikatoka pale natamba.

Nilipoiwasha, ikalia pa! Moshi ukajaa chumbani, umeme ukazimika nyumba nzima, na jirani wa chini akaanza kusoma shahada kwa sauti. Mbodze akaifungua, akanionyesha. Ndani mlikuwa na bonge la saruji, limegandishwa kwa gundi. Uzito nilioulipia ulikuwa saruji, Nabeel. Ubao mama ukafa pamoja nayo. Mchagua nazi hupata koroma, na mimi koroma yangu niliibeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Nililia siku ile, sifichi. Mbodze akanishauri niache, nitafute kompyuta ya kawaida ya kuandikia hesabu za duka. Nikamwambia siachi. Nikauza cherehani moja kati ya zile mbili za kupindia leso, nikaanza upya. Safari hii nilikaa chini kama mwanafunzi na kila alichoniambia nilikifuata. Mara ya pili ilipowaka, feni ikazunguka na skrini ikatoa mwanga, nilipiga kigelegele peke yangu. Halafu nikaishonea nguo ya leso isipate vumbi, ikawaka moto kama chungu mpaka ikajizima. Mbodze alikuja mbio akaivua, akaniuliza kama nami napenda kuvishwa blanketi mwezi wa Februari. Basi, nimekoma.

Nakueleza yote haya kwa sababu moja. Ile yako uliijenga ukiwa na miaka kumi na saba, kwa pesa za kutengeneza simu za watu, na ilikuchukua miaka miwili. Nami niliiuza kwa dakika kumi, siku ya Ijumaa, ulipokuwa msikitini, kwa sababu ulianguka mitihani ya mwaka wa kwanza chuoni na hasira zilinipanda. Uliporudi ukaiona meza tupu. Hukugomba. Ungegomba ningejua la kujibu. Ulichukua begi ukaenda Mwembe Tayari. Wallahi, Nabeel, sikujua nimeuza nini mpaka nilipokijenga mwenyewe.

Sasa kama umesimama, kaa.

Yule Mzee Kitsao wa Kilifi, unayesafiri naye na malori kila Jumapili asubuhi tangu Januari, yule agongaye nguzo za taa na kukuchelewesha kwenye kila kituo cha mafuta, ni mimi.

Jina ni la marehemu baba yake Mbodze, aliniazima. Wewe sikupata tabu kukupata. Nililikumbuka jina ulilokuwa ukilitumia kwenye skrini, nikalitafuta, nikalikuta lilelile: Tumbiri. Ni mimi niliyekuita tumbiri, ulipokuwa na miaka tisa, mwaka waliofariki wazee, kwa vile ulivyokuwa ukipanda juu ya kabati ukakataa kushuka. Nilidhani umekitupa kila kitu changu. Nilipoliona jina lile nilishindwa kushika usukani.

Nilitaka kukusalimu tu siku ya kwanza, nikwambie ni mimi. Nikaogopa utaondoka. Wiki ya pili nikaogopa zaidi. Ukanifunza kurudi nyuma na trela, ukaniandikia taratibu, mzee, hakuna anayetukimbiza, kwa subira ambayo mimi sikukufanyia. Kisha ukaanza kunieleza mambo yako. Ulimwambia Kitsao kuwa dada yako alikulea, alikupa wewe chakula yeye akalala na chai, na kuwa ndiye huyo huyo aliyeuza kitu pekee ulichokijenga, na kwamba hujui mambo hayo mawili uyaweke vipi katika moyo mmoja. Mimi nikayasoma nikakaa kimya kama mwizi aliye uvunguni. Basi nimekukosea mara mbili. Ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa woga. Niwie radhi kwa yote mawili. Sitaji sababu, sina.

Jana Jumapili ulimwambia Kitsao kuwa umepata kazi Doha, unaruka tarehe 28 mwezi huu, na kuwa hutapita Mombasa kwani hakuna akungojaye. Nilizima mashine bila kukuaga. Mbodze alinikuta nalia, akaniambia, wala hakunibembeleza, kuwa jina la babake aliniazima la kuchezea, hakuniazima la kujifichia. Alisema kweli.

Kwa hivyo Mzee Kitsao amestaafu. Jumapili usimngoje.

Leo asubuhi nimefungua kasha nikatoa kipande kimoja cha memori. Kimo humu kwenye kifurushi, ndani ya mfuko alionipa Mbodze, usikishike kwenye meno yake ya dhahabu. Mashine sasa inakwenda na kipande kimoja, inachechemea, na mimi siinunulii kingine. Kazi ya Doha nenda, ndugu yangu, nakuombea heri nayo, sikuzuii tena jambo lolote. Lakini pitia nyumbani kwanza, uje ukichomeke kwa mkono wako. Kama moyo umekataa, safiri nacho. Huku nafasi yake nitaiacha wazi, nikiwa hai.

Nikufikishie salamu za Mbodze, ambaye anataka kumwona huyo Tumbiri, na za jirani wa chini, ambaye tangu siku ile ya moshi akisikia feni hushika tasbihi. Uvae sweta, huko kuna baridi. Ufunguo uko kwa muuza mahamri yule yule.

Ni mimi dada yako akungojaye,
Mahjabeen,
ambaye mpaka leo hajui kurudi nyuma na trela.