Kilichokuwa Ndani ya Sigara za Gerald

Chaussée de Wavre,
Ixelles, Brussels,
Ubelgiji.

11 Oktoba 2009

Mpendwa kaka Gerald,

Shikamoo kaka. Habari za Urambo, na habari za tangu siku ile simu ilipotukatikia katikati ya maneno? Natumaini barua hii itawakuta wazima wote: wewe, wifi Mektilda, watoto, na baba. Hasa baba. Macho yake vipi? Yale matone ya misheni yanamsaidia, au bado anasingizia kwamba ni taa ndiyo haiwaki vizuri?

Sisi huku hatujambo. Bertin ana mafua, lakini tangu niolewe na huyu mtu wa Lubumbashi sijawahi kumwona akiumaliza mwezi wa kumi bila mafua, kwa hiyo nimeshazoea. Baridi imeanza mapema. Nimevaa soksi mbili mbili ninapokuandikia.

Mzigo wako ulifika salama. Elineema, yule mwanafunzi uliyempa pale Tabora mjini, aliuleta mwenyewe mpaka dukani kwetu. Sigara nene ishirini na nne, zimepangwa kwenye boksi la mbao ulilolipiga randa mwenyewe. Kaka, nililinusa lile boksi nikajikuta nimesimama mlangoni pa bani letu la kukaushia tumbaku. Machozi yalinitoka mbele ya wateja, wala sikuona haya.

Najua unasubiri jibu gani. Uliandika kwamba Mzee Mathieu, mwenye duka la sigara ninakofanya kazi, akizikubali sigara zako, basi mwaka huu hutapanda tena tumbaku ya chama cha ushirika. Shamba lote litakuwa la sigara nene, kabla mvua hazijaanza. Ningeweza kukupigia simu, lakini nakujua na ninajijua. Kwenye simu ungesema "Enhe?" kwa ile sauti yako, nami ningesema "Zimependeza sana kaka", tukacheka, nawe ungekwenda kulipoteza shamba. Kwenye karatasi hunikatizi.

Hazikukubaliwa.

Pole. Kaa kwanza, halafu endelea kusoma.

Kwanza nikuambie kosa langu. Miezi yote hii nimekuwa nikijisifia pale dukani. Kila mteja aliyeingia nilimwambia kwetu ni nchi ya tumbaku, na kaka yangu ana mkono usio na mfano. Mzee Mathieu ana miaka sabini na kitu, si mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa ameshanitengea sehemu kwenye rafu ya kioo. Mimi sikufungua hata sigara moja kuitazama. Niliziweka mbele yake kama mtu anayepeleka posa.

Alianza na ganda la nje, akalisifu. Alisema ni laini, halina mshipa uliosimama, na aliyelivingirisha ana subira. Nikavimba kichwa. Kisha akaiwasha. Kaka, iliwaka mbio kama karatasi! Moshi ulikuwa wa moto, ukamchoma ulimi. Jivu halikukaa, lilimwangukia kwenye fulana ya sufu. Akatoa chembe kwenye meno, moja, mbili, tatu. Akachukua kisu, akaipasua nyingine kwa urefu kama anayepasua samaki, akanisogezea.

Sihitaji kukueleza kilichokuwamo, maana wewe ndiye uliyekiweka. Makombo ya sakafuni, vipande vya mishipa, vumbi. Na uzi wa gunia, kaka. Uzi wa kushonea robota la tumbaku, mrefu kama kidole changu. Tukapasua tano, zote zilikuwa hivyohivyo.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yule mzee hakunifokea. Alichukua sigara ya bei kutoka kabatini, naye akaipasua ili nione. Wao tumbaku ya ndani wanaiita utumbo, na anasema huo ndio sigara yenyewe. Ganda ni koti tu. Ndani mlikuwa na majani mazima, marefu kama sigara yenyewe, yametolewa mshipa wa katikati na kukunjwa kama marinda ya sketi, hewa ipite. Ndiyo maana inawaka taratibu na moshi unapoa kabla ya kufika mdomoni. Makombo yanashika moto yote kwa pamoja.

Halafu akanieleza kwamba jani la juu la mche ni kali na linaungua polepole, kwa hiyo linawekwa katikati kabisa. La kati ndilo lenye harufu. La chini halina ukali, lakini linasaidia moto usizimike. Nilicheka nikamwambia hayo kaka yangu anayajua akiwa amefumba macho, maana tangu utoto tunachuma kuanzia chini kwenda juu na kila daraja tunaliweka peke yake. Akaniuliza, sasa mbona ameyatupa yote pamoja?

Kitu kingine ni kwamba tumbaku yako ni ya mvuke. Umeiivisha kwenye bani kwa siku chache ikawa njano, na hiyo ni nzuri kwa sigara za pakiti. Ya sigara nene hukaushwa na hewa kivulini, wiki nyingi, halafu hulundikwa miezi ijipashe joto yenyewe mpaka ukali upungue. Hata ungeweka majani mazima, yangekuwa hayajakomaa kwa kazi hiyo.

Usidhani wanadharau tumbaku iliyokatwakatwa. Wabelgiji wenyewe wanapenda vijisigara vikavu vya namna hiyo, na tunaviuza sana. Lakini vinakatwa kutoka majani safi, na boksi linasema wazi kilichomo. Kukatakata si kosa. Kosa ni kufunika makombo kwa jani zuri ukitumaini hakuna atakayepasua.

Na hapo ndipo nilipokuona wewe na mimi pamoja, maana tabia hiyo tumeitoa nyumbani. Nani pale Urambo hajawahi kufunga robota lenye majani ya dhahabu kwa nje na takataka katikati?

Bertin aliponiona siku mbili naahirisha barua hii, akaniambia kwa kile Kiswahili chake, "Bon, mwandikie kaka yako ukweli. Ukimudanganya atapoteza saison, musimu yote, alors utamwambia nini?" Amesema kweli.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu. Usiuache mkataba wa chama mwaka huu. Panda kama kawaida. Ukitaka kujaribu, tenga mistari miwili nyuma ya bani, uikaushe kivulini bila moto, na mwakani uniletee majani mazima, hata kama ni mabaya. Usivingirishe chochote. Mzee Mathieu amesema atayatazama. Hajasema atayanunua, usije ukaongeza chumvi ukimweleza wifi.

Sasa kuna jambo ambalo nimelibeba miaka ishirini na moja, na uzi ule wa gunia ndio ulionilazimisha kulisema.

Unaikumbuka siku ya soko, mteuzi wa tumbaku, yule mpanga madaraja, alipolichana robota la baba mbele ya watu wote? Katikati kulikuwa na majani mabichi yameshaoza, yananuka. Alilipiga teke. Baba akakuzaba kofi wewe, mbele ya kijiji kizima, akasema huna mkono wa tumbaku na usiguse tena majani yake. Misimu miwili ukawa wa kubeba kuni tu. Mpaka leo watu wazima wakikutania wanakuita Mbeba Kuni, na wewe unacheka, lakini mimi najua hucheki.

Siku ya kulifunga robota lile wewe ulikuwa umekwenda kisimani. Uliniambia nilinde kasha la kufungia robota. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nina mazoezi ya kwaya ya Komunyo ya Kwanza, nikataka kazi iishe. Nikazoa kila kilichokuwa sakafuni nikakishindilia katikati, juu nikapanga majani mazuri. Uliporudi ukashona gunia bila kujua. Ulipopigwa nilisimama nyuma ya mama, nikanyamaza. Nikapokea Komunyo Jumapili ile nimevaa nguo nyeupe.

Sijui kama ulikuwa ukinishuku. Hukuwahi kuniuliza, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nadhani sigara hizi ulizifanya ili baba aone una mkono. Mkono unao, Mzee Mathieu mwenyewe ameuona kwenye ganda. Ila safari hii kosa ulilopigiwa bure umekuja kulifanya kweli, na mimi ndiye niliyelianza.

Nisamehe, kaka. Ninalia ninapoandika, na si kwa ajili ya baridi.

Nisalimie wifi Mektilda, mwambie vitenge alivyoagiza nimevipata kwa Maman Mwadi kule Galerie d'Ixelles, vitakuja na Elineema Krismasi. Nisalimie Kashindye na wadogo zake, na shangazi Veneranda na wote wa nyumba ya chini. Mungu awape mvua ya kutosha na mikono isiyochoka.

Ombi langu la mwisho ni hili. Baba haoni tena kusoma, na wewe ndiye unayemsomea barua zangu. Yale ya sigara, ukipenda, yaruke; hayo ni yako na yangu. Lakini ukifika kwenye robota, msomee kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye jina langu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Felisia