Kofia Yako Ninayo, Maganga

Maganga, mtumwa wangu,

Barua zako zote za kwenda kwenu Urambo nilikuandikia mimi, na zote ulitaka zianze namna moja: mimi mzima, hofu na mashaka ni kwako mama. Leo nimeshika kalamu ile ile, nimeshindwa kuanza hivyo. Hofu na mashaka viko kwangu vyote, wewe huna haja navyo tena.

Kesho ni arobaini yako. Mkeo Nyamizi na mtoto bado wako kambini, chumba cha pili kutoka changu. Mstari wako wa mkonge amepewa mtu mgeni, anakata polepole na hasemi na mtu. Pale kwenye korona, kiwandani kwa kusagia mkonge, ninapolisha majani mashine, hakuna anayepita akanipiga kofi la kisogo na kuniuliza babu yangu aliuzwa kwa pishi ngapi za mtama mwaka ule wa njaa. Wenzangu wananiheshimu. Sikujua kuheshimiwa kunaweza kumchosha mtu kiasi hiki.

Miaka sita tumeitana watumwa. Wewe Mnyamwezi, mimi Mzigua, utani tuliukuta kwa babu zetu, nasi tukaubeba kama tulivyoukuta: nikichukua chako huruhusiwi kukasirika, ukinitukana siruhusiwi kununa. Kila mmoja alimwita mwenzake mtumwa wangu, na hakuna aliyewahi kukubali.

Baba yangu alipozidiwa ulitoka Korogwe kwa miguu, siku mbili, ukafika kwetu Misima siku ya kumzika, miguu imevimba. Nilikuwa nimekaa kama gogo, sili, sisemi. Ukavaa kanzu ya marehemu, ukashuka kaburini ukalala chali, ukasema hutoki mpaka upewe jogoo, maana huyu mzee alikuwa mchoyo na hakuna aliyewahi kula kuku wake. Mama yangu mwenyewe alicheka. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka, na jioni ile nikala. Nilijua siku yako ikifika kabla ya yangu, kazi hiyo itakuwa yangu.

Sasa nikueleze ya lori, ingawa ulikuwepo. Watu wengine wote wanayo habari nusu tu.

Ilikuwa siku ya pili ya Idd, meneja alipotoa lori twende pori la akiba kuwaona wanyama. Wewe ulivaa kofia yako ya pama, ile uliyokuwa ukiipiga brashi kuliko viatu. Getini askari wa bwana nyama alituambia mtu asiteremshe hata unyayo, kisha akapanda mbele na dereva. Nyuma tulikuwa tumebanana, tunaimba. Punda milia wakipita ukasema shangazi zangu hao wamevaa kanga mpya. Akatokea ngiri na watoto wake, ukanilazimisha nimwamkie, na nikamwamkia: shikamoo mjomba. Lori zima lilicheka mpaka mama mmoja akaomba tumwonee huruma, mbavu zinamuuma. Sijawahi kuwa na siku nzuri kama ile, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Dereva alisimamisha lori karibu na mto mkavu. Ng'ambo alikuwa tembo, peke yake, pembe zinakaribia kugusa majani. Ilikuwa zamu yangu. Babu zako walipita Handeni wakielekea pwani na pembe vichwani, kila Mzigua analijua hilo, nami nikakuambia: "Mzigo wa babu yako ule, bado unamsubiri. Shuka ukaubebe." Watu wakacheka. Na wewe ulicheka, lakini hukusogea. Ningeishia hapo, Maganga. Utani ulikuwa umetosha na hakuna aliyekuwa ananidai zaidi. Nikakuvua kofia, nikairusha nje, na wengine, macho yote kwa tembo, wakadhani ni upepo.

Uliruka bila hata kunitazama. Ukaiokota, ukaifuta vumbi, ukaivaa, ukatembea hatua tatu umeinama, mikono juu kama mpagazi mwenye mzigo kichwani. Tembo akatanua masikio. Dereva alipoona masikio yale akatia moto, na wewe ulikuwa na mguu mmoja juu ya lori na mwingine chini. Ulianguka ubavu juu ya kisiki. Nilisikia. Tulipiga bodi, lori likasimama, tukakuvuta juu. Tembo wala hakutufuata, aligeuka akaenda zake.

Askari akatoa kichwa dirishani akauliza kuna nini huko nyuma. Nikamjibu mimi: "Hakuna kitu, bwana askari, kofia ilianguka." Njiani uliendelea kucheka, mkono mmoja umeukandamiza ubavuni, na tulipokaribia Korogwe ukanivika kofia kichwani. "Nitunzie, mtumwa wangu. Nitakuja kuichukua Misima siku nitakayokuzika."

Kesho yake ulienda mkongeni. Nilikuona unakata kwa kujivuta, nikakuuliza kama umeumia. Ukasema, "Mzigua hajawahi kumwumiza Mnyamwezi." Mtani akilalamika kwa mtani wake ameshindwa, na wewe hukuwa mtu wa kushindwa. Nililijua hilo vizuri. Lakini jibu lako lilinifurahisha, nikalichukua kama lilivyo. Siku ya sita nilikushika mkono kwenda zahanati kwa dresa. Alipokuuliza ukasema umeteleza kwenye toroli la mkonge. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilishukuru. Nakwambia kweli, nilishukuru, na siku ya tisa ukafa.

Makaburini wazee wenu waliuliza, "Mtani wake yuko wapi?" Nilikuwa nyuma ya watu, kofia yako nimeificha ndani ya shati. Kazi yangu ilikuwa kuivaa, niigize mwendo wako, nilale kaburini niwadai jogoo. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo litatoka jambo lile la porini. Waliuliza mara ya pili, kisha wakanyamaza. Walikuzika kimya, kama mtu asiye na mtani. Mzee mmoja alinipita akaniangalia, hakunisalimu.

Baada ya hapo Nyamizi akaniomba nimwandikie mama yako. Nikaandika kwamba uliteleza kutoka kwenye toroli. Mkono ule ule uliorusha kofia. Barua ikaenda na posta, siwezi kuirudisha.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Nyamizi. Yuko edani, amekaa ndani na bibi mmoja wa kwenu, nami nikasimama nje ya pazia. Nilianza na salamu, nikamwita shemeji, sauti ikanikatika. Akasema kwa ndani, "Mtani gani huyu, kazi yake kulia tu." Nikamwambia yote: kofia, kisiki, askari, dresa, barua. Alikuwa akipepeta mchele, nikasikia ungo umesimama. Kisha akasema, "Hata mimi aliniambia ni toroli."

Maganga, mkeo pia ulimdanganya kwa ajili yangu. Hilo sikulijua, na limeniumiza kuliko yote.

Hakunitukana. Alitaka kofia. Nikaenda kuitoa sandukuni, nikampitishia chini ya pazia. Sikumwona, nilimsikia tu anavuta pumzi ndani ya kofia, kama mtu anayenusa nguo ya mtoto. Nikafikiri ataizuia. Ikarudi, imepigwa brashi. "Kesho uivae," akasema. "Watu wamwone. Na uwaambie mwenyewe."

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme.

Basi kesho nitaivaa. Mbele ya wazee wenu na watu wote wa kambi nitatembea mwendo wako wa siku zile za mwisho, mkono ubavuni, nikijifanya siumwi. Nitawadai jogoo. Wakishacheka nitawaambia aliyeirusha kofia ni nani, na wakitaka kunipiga sitakimbia. Bwana meneja akisikia akanifukuza, nitarudi Misima kulima. Na kabla ya kuondoka nitamwandikia mama yako barua nyingine. Nitaianza kama ulivyopenda, ila chini yake nitaweka jina langu.

Ulitaka kuja kuichukua kofia siku ya kunizika. Umenikimbia, sasa kazi hiyo sijui ataifanya nani. Lala, mpagazi. Mzigo wa babu yako uache hapo ulipo, kesho nitaubeba mimi, na safari hii sitamwambia mtu kwamba hakuna kitu.

Ni mimi, mtumwa wako,
Mhina